Daftari la Vijiti Kumi

Kila jioni, saa kumi na moja na nusu, nilikuwa nasimama mlangoni na kalamu sikioni kama karani wa mahakama. Ndiyo maana mama aliniita Karani, na jina likaninata mpaka shuleni. Nilikuwa namsubiri yeye na gari. Gari la umeme halina mngurumo. Ukizubaa utashtukia limeshafika miguuni kwako. Mimi nililijua kwa harufu yake ya sabuni, pasi ya moto na mashuka yaliyofuliwa.

Mama alikuwa dereva wa kiwanda cha dobi. Alikusanya mashuka machafu ya hospitali na zahanati, akayapeleka kufuliwa, kisha akayarudisha yakiwa safi na yamekunjwa pembe kwa pembe. Akifika nyumbani alivua viatu, akajinyoosha mgongo, akasema, "Haya Karani, ingia ofisini."

Ofisi yangu ilikuwa kiti cha dereva. Mbele yake kulikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha vijiti kumi vya kijani. Betri ikijaa, vyote kumi vinawaka. Gari likitembea, vinazimika kimoja kimoja. Hakuna kingine kilichotuambia hali ya betri, maana gari letu lilikuwa la bei ya chini, halina madoido. Basi mimi nilisoma mambo mawili: leo gari limetembea kilomita ngapi, na vimebaki vijiti vingapi. Nikishaandika kwenye daftari ndipo nilipochomeka waya wa kuchajia. Kila Jumamosi mama alijumlisha kilomita za wiki nzima, akazigawanya kwa vijiti vilivyotumika. Jibu lilikuwa lilelile tangu gari linunuliwe: kijiti kimoja, kilomita ishirini na moja. Vijiti kumi, kilomita mia mbili na kumi.

"Mimi sikumbuki hata nilichokula mchana," mama alikuwa anasema. "Vijiti vya juzi nitavikumbukia wapi? Kichwa changu ni hili daftari."

Mdogo wangu wa miaka minne tulimwita Kinyozi, kwa sababu siku moja aliokota mkasi akajinyoa nusu ya kichwa. Yeye alikuwa na swali lake moja, kila jioni, bila kuchoka.

"Dada, Baba yuko vijiti vingapi?"

"Kumi na moja na nusu."

"Na sisi tunavyo vingapi?"

"Kumi."

"Aaah!" Hapo alikunja uso na kuniangalia kana kwamba ni mimi niliyevificha hivyo vingine.

Baba yetu alikuwa mwangalizi wa bwawa, kule milimani, kilomita mia mbili na arobaini kutoka nyumbani. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni alishuka ngazi za mawe, akasoma nguzo ya vipimo iliyosimama majini, akaandika kwenye daftari lake. Nguzo ile ina mstari mwekundu. Maji yakiwa juu ya mstari, mwangalizi haruhusiwi kulala nje ya kituo, kwa sababu malango yanaweza kuhitaji kufunguliwa saa yoyote. Na mwaka ule mvua ilikuwa haitaki kukoma. Miezi saba ilipita hatujamwona.

Utasema, si mngemfuata nyinyi? Haya. Basi la kule lilipita Jumanne na Ijumaa, siku za kazi na shule. Kwa gari letu, njia nzima ilikuwa nyika tupu. Hapakuwa na mahali pa kuchajia hata simu. Tungefika kwake tu, umeme ulikuwepo wa kututosha kurudi. Lakini kufika ndiyo ilikuwa kazi. Tulipungukiwa kilomita thelathini. Nilikuwa nazihesabu kichwani hata darasani, zile thelathini, mpaka mwalimu wa hesabu akafikiri nalipenda somo lake.

Koti la mvua la zamani la Baba lilining'inia nyuma ya mlango. Mwanzoni lilikuwa na harufu yake. Mwezi wa tano harufu ikaisha, likabaki koti tu. Sikumwambia mtu, lakini siku ile nililia.

Siku moja alikuja Fundi Waya. Huyu alikuwa fundi wa kampuni iliyouza gari, mwembamba, mcheshi, na mifuko ya suruali yake haikuwahi kukosa nyaya. Kila baada ya miezi mitatu alikuja kukagua betri. Nilimwamkia, akaitikia, akachomeka kompyuta yake ndogo chini ya usukani. Mimi nikachomeka maswali yangu.

"Fundi, kwa nini gari la ile hoteli ya jirani linakwenda kilomita mia tatu, na hili letu wanafanana kama mapacha?"

"Yanafanana kwa sababu ni mapacha kweli," alisema. "Betri ni ileile. Ukifungua huku chini na kule chini, utakuta kitu kilekile."

"Sasa mbona letu linaishia mia mbili na kumi?"

"Programu, binti yangu. Ni maelekezo yaliyoandikwa ndani ya kompyuta ya gari. Anayenunua kwa bei ya chini, programu inamfungia sehemu ya betri. Ikifika pale, inaliambia gari, umeme umeisha. Lakini haujaisha. Umefungiwa tu."

Nilibaki mdomo wazi. "Yaani zimo humu humu?"

"Nini?"

"Kilomita tisini! Zimo humu, chini ya mashuka?"

Fundi Waya alicheka. "Zimo. Mnazibeba kila siku kwenda na kurudi."

Jamani! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Sisi tunapungukiwa thelathini, na tisini tumezikalia. Mama anazipeleka hospitali, anazirudisha, mimi nazichomekea waya kila jioni, na hatuna ruhusa ya kuzigusa.

"Huwa hazifunguliwi?" niliuliza.

"Betri ikichoka kwa uzee, kampuni hufungua kidogo ili kufidia." Alichukua daftari langu, akalipekua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Na daftari kama hili linasaidia sana. Mimi betri yoyote naanza na daftari la dereva kabla ya kompyuta. Nani anaandika?"

"Mimi."

"Hongera. Endelea hivyohivyo."

Mimi nilisikia mambo mawili tu: betri ikichoka wanafungua, na fundi anaanza na daftari. Hayo mengine yote yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Jioni iliyofuata gari lilikuwa limetembea kilomita mia moja na nne, na vijiti vitano vilikuwa vinawaka. Nilivihesabu mara mbili. Kisha nikaandika: vinne.

Mama alikuwa anaosha miguu bombani. Hakuna aliyeniona. Nilichomeka waya, nikaingia ndani, nikala kama kawaida.

Sikuwa mjinga wa kukurupuka. Wiki ya kwanza niliiba vijiti viwili tu. Wiki ya pili vinne. Wiki ya tatu nikaiba saba. Siku zingine niliandika kweli, ili betri ionekane inazeeka polepole kama mtu mzima, si kuanguka ghafla. Kila Jumamosi mama aligawanya, na kila Jumamosi uso wake ulizidi kukunjamana. Kwanza kijiti kikawa kilomita kumi na tisa na ushee. Kisha kumi na nane na nusu. Kisha kumi na saba.

"Kumi na saba?" mama alisema, akarudia hesabu upande wa pili wa karatasi. "Gari halina hata miaka miwili! Karani, una uhakika na haya uliyoandika?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Kama ni wewe, naamini."

Bora angenitukana. Nilijiambia, vumilia, kidogo tu fundi atakuja, atafungua, na tutakwenda kwa Baba.

Lakini mama hakumsubiri fundi kwa kukunja mikono. Aliogopa kukwama njiani, basi tangu Jumamosi ya pili alikuwa ameacha kwenda kwenye zahanati ya mbali, ile ya kilomita themanini na tano. Muuguzi wa kule akapiga simu. Nilimsikia mama akimwomba radhi, akisema gari linaumwa, akisema naye hapendi akina mama waliojifungua walale kwenye magodoro matupu. Sikuwa nimefikiria kabisa habari za watu wa zahanati. Katika hesabu zangu walikuwa hawamo.

Jumamosi hiyohiyo ya tatu, jioni, simu ikalia tena. Alikuwa Baba, na mama akaongeza sauti ili sote tusikie.

"Mna nafasi kesho?" Sauti yake ilikuwa imechangamka mno. "Pick-up ya idara inashuka mpaka kile kituo cha soko, njia panda. Mwenzangu atanishikia zamu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kutoka kwenu ni kilomita mia moja tu. Kwenda mia, kurudi mia. Mnaweza! Tutakaa pamoja saa tatu nzima."

Kinyozi alianza kurukaruka kitandani. Mimi nilihisi sakafu imehama. Kwenda mia, kurudi mia ni mia mbili. Gari letu lilikuwa na mia mbili na kumi. Lilikuwa nazo!

Mama alifungua daftari. Nilijua atafungua ukurasa gani.

"Kumi na saba mara kumi," alisema polepole. "Mia moja na sabini. Baba Karani, hatufiki. Tutakuja, lakini kurudi tutalala nyikani na watoto."

"Mia moja na sabini? Si lilikuwa mia mbili na kumi?"

"Betri inachoka. Mwanao ameandika kila kitu, daftari ninalo hapa mbele yangu."

"Labda litafika, Mama," nilisema. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbu. "Tujaribu tu."

Mama alinigeukia. "Kujaribu vipi? Wewe mwenyewe umeandika kwa mkono wako."

Pale ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini upande wa pili wa simu Baba alikuwa ameshashusha pumzi.

"Basi," alisema. "Usalama kwanza. Karani ameandika vizuri kuwaokoa. Nipe nimsalimie."

Nilishika simu. Akaniuliza habari za shule. Nikamjibu nzuri. Akasema ananikumbuka. Nikasema na mimi, nikampa Kinyozi simu, nikaenda nyuma ya mlango nikajifunika uso kwa lile koti lisilo na harufu.

Jumapili ile ilikuwa ndefu kuliko siku zote nilizowahi kuishi. Jua liliwaka, gari lilisimama uani na vijiti kumi vinang'aa, na mimi nilijua saa ngapi tungekuwa njiani, saa ngapi tungefika, saa ngapi Baba angemrusha Kinyozi juu na kumdaka. Kinyozi aliingia garini peke yake, akafunga mkanda, akakaa humo asubuhi nzima. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa.

Jumatatu jioni, nilipotoka shule, nilikuta watu uani. Fundi Waya, aliyeitwa na mama kabla ya siku zake, alikuwa ameinama chini ya usukani na kompyuta yake. Pembeni alisimama mwenye kiwanda cha dobi, ambaye ndiye mwenye gari, mama mmoja mnene, mkali, mwenye mikono myekundu kwa sabuni za ujana wake. Wafanyakazi walimwita Bi Mapovu, ila si mbele yake. Mama alikuwa amelishika daftari langu kifuani.

"Sielewi," Fundi Waya alikuwa anasema. "Daftari linasema betri inakufa. Kompyuta inasema betri nzima, kijiti ni kilomita ishirini na moja, haijapungua hata nusu. Kimoja kati ya hivi viwili kinasema uongo."

"Basi ni hiyo kompyuta yako," mama alijibu papo hapo.

"Mama, kompyuta hii..."

"Kompyuta inaandikwa na watu nisiowajua! Wewe mwenyewe ulimwambia mwanangu imelifungia gari umeme ulio wake. Imeshawahi kuliambia gari umeme umeisha na haujaisha. Mimi niiamini hiyo, nimwache mwanangu? Huyu anaandika daftari hili tangu siku ya kwanza. Nimemzaa, namjua. Hadanganyi."

Bi Mapovu aliniona nimesimama. Wote wakageuka.

Ningenyamaza, mama angeendelea kunipigania mpaka magharibi, na angeonekana mjinga mbele ya bosi wake. Machozi yalitangulia kabla ya maneno.

"Kompyuta inasema kweli," nilisema. "Mimi ndiye mwongo."

Nikaeleza yote. Nilieleza vijiti viwili, na vinne, na saba. Nilieleza kilomita tisini zilizofungiwa na thelathini tulizopungukiwa. Nilipofika kwenye Jumapili nilishindwa kuendelea.

Mama hakunipiga wala hakupaza sauti. Alilifungua daftari, akaliangalia kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Jana tungemwona," alisema, basi. Akaingia ndani.

Fundi Waya alikuna kichwa. "Nilisema naanza na daftari, binti. Sikusema namalizia hapo. Gari linakumbuka kila kitu."

"Na mlivyokuwa mnataka kumwona huyo baba," Bi Mapovu alisema kwa ukali, "hakuna hata mmoja aliyeweza kuuliza? Fundi, hakuna njia ya halali ya kuifungua hiyo betri?"

"Ipo, Bi Mkubwa. Mwenye gari akiomba, kampuni hufungua yote kwa siku mbili, mara moja kwa mwaka. Hawatozi kitu. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui."

Niliruka. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza maswali ishirini siku ile. Hilo hukuliuliza."

Kweli kabisa, sikuliuliza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kuiba.

"Lakini," aliendelea, "ombi linataka daftari la gari la miezi mitatu, lionyeshe linatunzwa. Na hili sasa..."

Hakumaliza. Bi Mapovu alilitazama daftari, akanitazama mimi. "Siwezi kutia sahihi yangu kwenye uongo," alisema, akaondoka.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilimwomba mama simu, nikampigia Baba mwenyewe. Nilijua ameshamaliza kusoma maji. Nilimwambia yote bila kuruka kitu.

"Upo, Baba?"

"Nipo. Jumapili nilikuwa nimeshanyoa ndevu," alisema. "Daftari unalo hapo?"

"Ninalo. Nataka kuchana zile kurasa niandike upya."

"Usichane! Kwenye daftari la maji hatuchani wala hatufuti. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, libaki linasomeka. Pembeni andika lililo kweli, utie sahihi yako na tarehe. Mwambie fundi akupe kumbukumbu za gari."

"Lakini watu watayaona makosa yangu."

"Ndiyo. Wayaone."

Fundi Waya alileta kumbukumbu zote kwenye karatasi. Nilikaa mezani na kalamu nyekundu, mistari kumi na miwili, vijiti kumi na vitatu. Kila mstari niliukumbuka: huu niliandika Kinyozi akiimba, huu niliandika mama alipokuwa anasugua visigino. Nilitia sahihi kumi na mbili. Nilipomaliza, mama alisoma ukurasa kwa ukurasa, akanirudishia. Jioni ile alisema, "Haya Karani, ingia ofisini," kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na mimi nilikimbia kama nimeitwa kupewa zawadi.

Mashuka yalirudi zahanati ya mbali. Mimi niliandika kweli kila siku, hata siku ambazo vijiti vilinisikitisha. Mwezi ukaisha, wa pili ukafuata. Siku ya ukaguzi, Bi Mapovu mwenyewe alikuja, akavaa miwani, akapekua daftari lote akilinganisha na karatasi za fundi. Alipofika kwenye kurasa nyekundu alisimama.

"Ungeweza kununua daftari jipya ukanakili vizuri," alisema. "Nisingejua."

"Baba alikataa. Na mimi pia sikutaka."

Aliguna. Akatoa kalamu kwenye mkoba, akatia sahihi kwenye ombi. "Mkirudi lisiwe na tope ndani," alisema, na sauti yake ilikuwa kali vilevile.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Ijumaa jioni Fundi Waya alichomeka kompyuta, akabofya hapa na pale, akachomoa. Sikuamini macho yangu.

"Tayari?"

"Tayari. Mpaka Jumatatu asubuhi, kisha inajifunga yenyewe."

Dakika mbili! Ule ukuta uliotutenga na Baba miezi yote ile ulikuwa kitu cha kubofya kwa dakika mbili. Nilikasirika, nikafurahi, nikakasirika tena. Hata sasa nikiulizwa nitasema si haki mtu kubeba kitu chake asichoruhusiwa kukitumia. Lakini hilo ni la kusema kwa mdomo, mchana kweupe, kwa mwenye kampuni.

Jumamosi tulitoka jua likiwa limeshapanda, maana mama alitaka kwanza kupeleka mashuka ya wodi ya watoto. Kufikia mchana tulikuwa nyikani. Kinyozi alikaa katikati, mimi nilishika daftari. Vijiti vilikuwa vilevile kumi, lakini sasa kila kimoja kilibeba kilomita thelathini. Kilomita ya mia mbili na kumi ilipofika, nilishika kiti kwa mikono miwili. Gari halikusita. Liliendelea tu, kimya, kama halijui kuwa hapo ndipo dunia ilipokuwa inaishia.

"Mama, tumepita!"

"Nimeona," mama alisema. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. "Nimeona, Karani."

Mlima ulikula vijiti haraka. Vikabaki viwili. Kikabaki kimoja. Tulipokata kona ya mwisho, bwawa lilikuwa mbele yetu, pana, na chini kabisa kwenye ngazi za mawe alisimama mtu mwenye koti la mvua, ametupa kisogo.

"Baba!" nilipiga kelele, nikafungua mlango kabla gari halijasimama vizuri. Mama alinigombeza, sikusikia.

Baba hakugeuka. Aliinua mkono mmoja juu: subiri. Ilikuwa saa kumi na mbili kamili. Aliinama akaisoma nguzo, akaandika, akasoma tena, akatia sahihi. Miezi kumi nilikuwa nimemsubiri, lakini sekunde zile zilikuwa nzito kuliko zote. Kisha akafunga daftari, akageuka, akapanda zile ngazi mbili mbili kama kijana. Alimrusha Kinyozi juu akamdaka. Mimi nilijitia kwenye koti lake, na lilikuwa na harufu yake, nikalia mpaka nikalilowesha.

Baada ya kula, Baba aliniita mezani. Alifunua daftari la maji nyuma sana, mwezi wa pili tangu aondoke. "Soma siku hii."

Nilisoma. "Maji, alama moja juu ya mstari mwekundu."

"Siku ile ilikuwa zamu yangu ya kuja nyumbani. Mfuko nilikuwa nimeshafunga. Ningeandika alama moja chini, ningelala kwenu. Nguzo haisemi, na hapakuwa na mtu wa kuniona."

Niliiangalia ile alama moja. Kwenye nguzo haikuzidi unene wa kidole cha Kinyozi. "Kwa nini hukuandika, Baba?"

"Kwa sababu kule chini bondeni kuna watu wanaolala usingizi wakiliamini daftari langu. Na mama yako anaendesha gari akiliamini lako. Andika unachokiona, mwanangu, si unachokitaka. Unachokitaka kiseme kwa mdomo, kiombe, kililie hata, hakuna ubaya. Lakini usikiandike mahali pa kile unachokiona, maana mtu anayekupenda atakifuata, na ndiye atakayeumia kwanza."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja, akaniwekea mkono kichwani, akauacha pale.

Asubuhi, saa kumi na mbili kasoro, Baba aliniamsha. Tulishuka ngazi pamoja, akanipa kalamu. "Leo soma wewe."

Nilijua maana ya nguzo ile. Maji yangekuwa chini ya mstari mwekundu, Baba angeweza kuingia garini nasi mchana ule na kulala nyumbani siku mbili. Nilitamani yawe chini. Niliinama, nikaangalia, nikasubiri mawimbi yatulie, nikaangalia tena.

Baba alikuwa nyuma yangu.

Niliandika: alama mbili juu. Nikatia sahihi yangu, na Baba akatia yake pembeni.